Miaka ya Kusubiri Ndiyo Deni Kubwa la Mwalimu

Jirani yangu wa Mbande, Dar es Salaam, fundi cherehani, alinijia jioni moja na fomu ya kuomba mkopo wa elimu ya juu. Ilikuwa imeshachapishwa stesheneri, muhuri wa serikali ya mtaa umegongwa, picha ya binti imebandikwa. Nafasi moja tu ilikuwa wazi: saini ya mdhamini. Binti amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) na anataka kusoma ualimu pale Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu (DUCE), Chang'ombe.

"Jirani, mimi sikatai shule," aliniambia. "Lakini nikisaini hapa na mimi nimeingia. Akope akasome ualimu, au nimtafutie cherehani ya pili tushone wote barazani?"

Sikumjibu siku ile. Swali hilo huulizwa kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, huku Mbagala, Chamazi na Tandika, na ng'ambo ya pili ya jiji, Tegeta, Boko na Bunju. Majibu yanayotolewa ni ya aina mbili, na yote ya haraka. Wapo wanaosema elimu haina hasara. Wapo wanaosema ualimu umekwisha, bora bodaboda. Niliona jirani anastahili jibu lenye hesabu ndani yake.

Tuanze na deni lenyewe, maana wengi wanalijua kwa jina la bumu tu, fedha inayoingia na kutoka. Bumu ni fedha ya chakula na malazi. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku; kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Tuchukue siku 240 za masomo kwa mwaka: ni milioni 2.4, na kwa miaka mitatu ya shahada ni milioni 7.2. Ada tuiweke milioni 1.3 kwa mwaka, jumla milioni 3.9. Vitabu na viandikio 200,000 kwa mwaka, jumla 600,000. Mafunzo kwa vitendo wiki nane, mara mbili, kwa kiwango kilekile cha siku: 1,120,000. Ukiongeza asilimia 1 ya gharama za uendeshaji, aliyepewa mkopo kamili anatoka chuoni na deni la milioni 13 kasoro kidogo. Anayepewa asilimia pungufu atadaiwa pungufu ya hapo, na pengo linazibwa na mzazi, mara nyingi kwa kuuza kiwanja au kuvunja kibubu cha kikoba.

Itazame hesabu hiyo tena. Zaidi ya nusu ya deni la mwalimu ni chakula na kitanda, ada inafuata kwa mbali. Miaka tisa baada ya kuhitimu atakuwa bado analipia wali na maharage ya mgahawa wa chuo. Nalisema hili kwa sababu mjadala wetu unashikilia ada, kana kwamba ada ikishuka mzigo umeondoka. Kwa mtoto wa Mbande anayesoma Chang'ombe kuna njia ya kupunguza deni ambayo mtoto wa Kigoma hana: kulala kwao. Lakini ajue bei yake. Ni kuamka saa kumi alfajiri kugombea daladala ya kwenda Rangi Tatu, abadilishe gari, na usiku arudi kusoma kwenye nyumba yenye watu tisa. Wengi wanaoanza hivyo huhamia hosteli kabla ya mwaka wa pili, na mimi siwalaumu.

Wazazi wa jirani yangu walisikia habari nyingine kabisa kuhusu chuo kikuu. Waliosoma Mlimani miaka ya 1970 serikali iliwagharamia masomo, chakula na malazi, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kijana afanye kazi kwanza, ndipo aende chuo kikuu. Kuchangia gharama kulianza mapema miaka ya 1990, sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikapitishwa 2004, na bodi ikaanza kazi 2005. Mpangilio ukageuka. Kijana anasoma kwanza kwa deni, kazi anaitafuta baadaye, na hatari yote ya kuikosa anaibeba mwenyewe pamoja na mdhamini wake.

Sasa mshahara. Mwalimu wa shahada anaajiriwa serikalini Daraja la III C, ngazi ya mshahara ya TGTS D. Kwa miaka kadhaa hatua yake ya kwanza, D.1, ilikuwa shilingi 716,000, ikaongezwa Julai 2022. Kwa urahisi wa hesabu tumpe mwalimu wetu 800,000 za duara. Ukifungua slipu yake ya mshahara utakuta mfuko wa pensheni wa PSSSF umechukua asilimia 5, yaani 40,000. Kodi ya mapato inapigwa kwenye 760,000 zinazobaki, nayo ni 68,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 24,000. Chama cha walimu, kama ni mwanachama, asilimia 2, yaani 16,000. Kisha bodi ya mikopo asilimia 15: shilingi 120,000. Hakuna kato jingine hapo linaloifikia hili. Limeizidi kodi ya mapato, na ni mara tatu ya akiba yake ya uzeeni.

Anabaki na 532,000.

Kwa 120,000 kila mwezi deni la milioni 13 linakwisha kwa miaka tisa. Ni muda mrefu, lakini una mwisho, na anayeufikia huku ana ajira ya kudumu, pensheni, bima ya wanawe na ngazi ya kupanda, D kwenda E, E kwenda F, hakupotea. Hilo nitalisimamia mbele ya mtu yeyote. Mwalimu wa shahada aliyeajiriwa mapema amefaidika na mkopo wake.

Haikuwa hivi siku zote. Waliokopa mwanzoni waliambiwa makato ni asilimia 8. Marekebisho ya sheria ya 2016 yakayapandisha hadi 15, na yakawakuta hata waliokuwa wameshaanza kulipa kwa makubaliano ya zamani. Juu yake kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 kwa mwaka. Kwa deni kama la mwalimu wetu tozo hiyo ingekuwa takribani 777,000 mwaka wa kwanza, na yeye anakatwa 1,440,000 kwa mwaka mzima. Zaidi ya nusu ya jasho lake ingeishia kwenye tozo. Nilikuwa nikiona walimu wakifungua slipu mwaka hadi mwaka na ile namba ya baki haishuki, nyingine imepanda. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta siku ya Mei Mosi 2021, na kuanzia Julai mwaka huo haikutozwa tena, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Ni moja ya hatua chache za sera ambazo mwalimu wa kawaida aliziona kwa macho kwenye simu yake.

Kwa hiyo deni limepoa. Kilichobaki kinachoua ni kusubiri.

Turudi nyuma kidogo. Kuanzia 2004 serikali ilijenga sekondari za kata nchi nzima, na walimu wakawa adimu kiasi kwamba vijana wa kidato cha sita walipigwa msasa kwa wiki chache na kupelekwa darasani. Watu wakawaita voda fasta. Vyuo vikapanuka, DUCE yenyewe ilianza 2005 katika majengo ya kilichokuwa chuo cha ualimu Chang'ombe, na ualimu, hasa wa sayansi na hisabati, ukawekwa mbele katika vipaumbele vya mikopo. Kijana maskini aliyetaka uhakika wa kupata mkopo aliambiwa aandike ualimu, naye akaandika. Aliyehitimu miaka ile hakuomba kazi: majina yalitoka kwenye orodha, ukatafuta jina lako na mkoa wako, ukafunga begi. Kisha ajira zikabana. Waliomaliza 2015 ndio wa kwanza kukaa, na waliomaliza nyuma yao wakakaa pamoja nao. Mwanzoni mwa 2025, serikali ilipokuwa ikifanya usaili wa nafasi za walimu zisizofika 15,000, waombaji walikuwa zaidi ya 200,000. Mwaka huohuo walimu wasio na ajira waliunda umoja wao, NETO, wengi wakiwa wamehitimu miaka mingi nyuma. Na wakati huohuo elimu bila ada, iliyoanza 2016 hadi kidato cha nne, imejaza madarasa ya Mbagala hadi mwalimu hana pa kupita kati ya madawati. Walimu wapo mtaani na watoto wapo darasani. Kinachokosekana ni fungu la mishahara la kuwakutanisha.

Wanaosubiri hawakai bure. Wengi wako kwenye shule binafsi zinazoota pembezoni mwa jiji kila panapopimwa viwanja. Sheria ya kima cha chini haikuwahi kuwainua sana: amri ya mshahara ya 2013 iliweka shilingi 140,000 kwa shule binafsi, wakati kiwango cha serikali kwa shahada kilikuwa mara kadhaa ya hicho. Nina kijana ninayefahamiana naye upande wa Chamazi, mhitimu wa historia na Kiswahili, anayelipwa 300,000. Tumfanyie hesabu yeye. NSSF asilimia 10, zinabaki 270,000, ambazo kwa bahati hazizidi kiwango kisichotozwa kodi. Bodi ya mikopo asilimia 15: 45,000. Anabaki na 225,000, mwezi ambao mshahara umetoka kwa wakati.

Jioni anafundisha tuisheni chini ya banda la mabati nyuma ya nyumba ya mama mwenye nyumba wake. Mtoto mmoja shilingi 500 kwa siku. Nimekiona kidaftari chake: majina upande wa kushoto, vijisanduku vya siku upande wa kulia, tiki kwa aliyelipa na nukta kwa asiyelipa. Nukta ni nyingi. Nilimuuliza kwa nini hawarudishi nyumbani wenye nukta. "Kaka, hao ndio wanaoelewa," akasema. Kisha akafuta ubao kwa kipande cha godoro na kuendelea na Vita vya Maji Maji.

Tofauti kati ya 532,000 na 225,000 ni 307,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 3,684,000. Akisubiri miaka mitatu na nusu, kipato alichokikosa kimelingana na deni lote la shahada yake. Akisubiri mitano, amekosa milioni 18.4. Hapo sijahesabu pensheni iliyochelewa kuanza wala vyeo alivyokuwa ameshapanda mwenzake aliyeajiriwa mapema. Na kwa kukatwa 45,000 kila mwezi, akibaki hapohapo alipo, deni litamfuata kwa miaka 24.

Ndiyo maana nasema wazazi wanaouliza "atadaiwa milioni ngapi" wanashika mkia wa swali. Kichwa chake ni "atakaa miaka mingapi." Na hilo linategemea zaidi masomo ya kufundishia kuliko chuo. Mwalimu wa fizikia au hisabati hutafutwa, hata na shule binafsi, naye ana nguvu ya kutaja bei. Mwalimu wa historia, jiografia au Kiswahili yuko kwenye foleni ndefu kuliko zote. Sipendi kulisema, kwa sababu naamini nchi isiyofundisha historia yake vizuri inapotea. Lakini binti wa jirani hatalipwa kwa imani yangu.

Sheria nayo inahesabu muda kwa saa isiyo ya mwalimu. Mkopaji anapewa miezi 24 baada ya kumaliza masomo, kisha anatakiwa kuanza kurejesha, awe na kazi au hana. Aliyejiajiri anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato chake au shilingi 100,000 kwa mwezi. Anayeishi kwa kidaftari cha nukta peke yake alipe 100,000? Mwenzake mwenye 800,000 na bima ya afya anakatwa 120,000. Hawezi, na hivyo anajificha. Anabadili namba ya simu, na anakwepa shule zinazotoa mkataba wa maandishi kwa kuogopa makato. Utaratibu uliowekwa ili fedha irudi unamfukuza mtu kwenye ajira rasmi, mahali pekee ambapo fedha ingerudi.

Uingereza, mhitimu anakatwa asilimia 9 ya kile tu kinachozidi kiwango kilichowekwa. Asiyekifikia hakatwi kitu. Australia ilianza mfumo wa namna hiyo mwaka 1989. Sisi tunakata asilimia 15 ya mshahara wote, kuanzia shilingi ya kwanza, iwe ni mshahara wa mhandisi au wa mwalimu wa Chamazi. Wenzetu wa Kenya, wenye bodi yao ya HELB tangu 1995, wanajua maumivu haya: mwaka 2023 walimu wengi wapya wa sekondari ya chini walianza kama wanagenzi kwa shilingi za Kenya 20,000 kwa mwezi. Sidai tuige mtu. Nadai kitu kimoja ambacho kipo tayari kwenye sheria yetu ya kodi: 270,000 za kwanza hazitozwi kodi, kwa kutambua kwamba mtu lazima ale. Kwa nini bodi ya mikopo isitambue hivyo hivyo?

Nitapingwa kwamba fedha zinazorejeshwa ndizo zinazomsomesha mtoto anayefuata, na ni kweli. Mkopaji aliyeajiriwa vizuri na halipi anamnyima nafasi mtoto wa Toangoma au wa Mabwepande. Huyo abanwe. Lakini 45,000 za mwalimu wa 300,000 haziendeshi mfuko, ila kwake yeye ni kodi ya chumba.

Na kodi ya chumba ndiyo inayoifanya hesabu ya Dar es Salaam iwe ya peke yake. Ngazi ya mshahara ni moja nchi nzima. Mwalimu wa D.1 aliyepangiwa Kakonko, Kigoma, na aliyepangiwa Bunju wanapokea sawa. Wa Kakonko anaweza kulima ekari mbili za mahindi na kujenga ndani ya miaka michache. Wa Bunju anadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nauli kila siku, maji ya kununua, na mkaa au gesi. Ndipo anapoingia kwenye mkopo wa benki kwa dhamana ya mshahara. Serikali inalinda theluthi moja ya mshahara isiguswe, lakini ukiondoa makato ya lazima na rejesho la benki, theluthi hiyo ndiyo anayobaki nayo kweli, na kwa mshahara wa 800,000 ni kama 267,000. Ikifika tarehe 15 anakwenda kwa wakopeshaji tunaowaita kausha damu, anaacha kadi yake ya benki na namba ya siri. Watu wakimwona hapo husema mkopo wa chuo umemmaliza. Mkopo wa chuo ulikuwa wa kwanza tu kwenye mstari, na ndio ulioacha nafasi ndogo kwa dharura ya mtoto kulazwa au bati kung'oka.

Walimu vijana wengi wa Temeke na Kinondoni wanaokwenda mikoani wakilia hurudi likizo wakiwa wamenenepa na wana kiwanja. Wazazi wa jijini wanaliona kupangiwa mbali kama adhabu. Kwa hesabu ya deni mara nyingi ni nafuu.

Nilirudi kwa jirani siku ya tatu. Nilimkuta amekunja shingo juu ya cherehani, anapindisha sketi za shule, za bluu. Nilimwambia nilichokikusanya. Kwanza, mkopo wenyewe usimtishe, kwa sababu hauzai tena. Deni la leo likikaa miaka mitano litabaki lilelile. Pili, ajiandae kwa miaka mitatu hadi mitano ya binti kukaa nyumbani na shahada yake, na ajiulize kama nyumba inaweza kuibeba miaka hiyo bila kumsukuma kwenye ndoa ya haraka au kazi ya aibu. Tatu, kwa HKL foleni ni ndefu, na asidanganywe na mtu. Nne, cherehani ya pili na chuo si maadui. Likizo ziko ndefu. Ajifunze kushona, na bumu asilimalize lote kwenye simu. Mwenye ufundi mkononi hasubiri kwa njaa.

Akaniuliza: "Na wewe angekuwa wako?"

Nikamwambia ningesaini. Ningesaini nikijua ninasaini miaka ya kusubiri, wala si milioni 13.

Wabunge wa majimbo haya, wa Mbagala na Temeke, wa Kawe na Kinondoni, wana wapiga kura maelfu wenye vyeti vya ualimu kabatini. Mambo ya kuwaomba ni madogo kuandikwa kwenye sheria: makato yaanze mshahara unapoanza, na 270,000 za kwanza zisiguswe. Yeyote mwenye kijana anayejaza fomu mwaka huu amwandikie mbunge wake kabla ya kikao cha bajeti, ataje mambo hayo mawili.

Fundi alikata uzi kwa meno, akafuta mikono kwenye kanga, akaichukua kalamu na kusaini sehemu ya mdhamini.